Mtihani wa Mkunga wa Mbwa

Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mkunga, na wageni waliosikia hivyo walitegemea kuoneshwa bibi mwenye mkoba wa dawa, kumbe ni mzee mrefu wa kiume, suruali imejaa manyoya, magoti yanalia kila akiinama. Alizalisha mbwa. Tangu alipoacha kazi ya ulinzi kwenye ghala la saruji, ua wa nyuma ya nyumba yake ulikuwa chumba cha uzazi. Majirani walimcheka mpaka wezi walipoanza kuupita mtaa wao kwa mbali. Baada ya hapo waliendelea kumcheka, lakini kwa heshima.

Kwenye kazi yake hakuwa na simile. Jike wake hakupandishwa na dume kwenye joto lake la kwanza, hata uje na gunia la pesa. Hakukutanisha mbwa kabla daktari wa mifugo hajapiga picha ya nyonga zao wote wawili, maana mwenye nyonga mbovu huzaa vilema, na kilema huumia yeye, si aliyemuuza. Dume mwenye hasira za ovyo alimkataa, hata awe mzuri kama picha ya kalenda. Na mteja alisomewa sharti kabla hajaruhusiwa kumgusa mtoto: "Ukimchoka, usimtupe wala usimgawe. Mrudishe hapa. Awe mzee, awe kipofu, mlango huu ni wake."

Sharti hilo ndilo lililommaliza. Watu walirudisha kweli. Walihama, walizaa, waliachana, walinunua zulia jipya. Kila mmoja alikuja na sababu yake na macho chini, akamwachia mzee kamba mkononi, huyoo. Ua ukajaa vikongwe: huyu hasikii, yule anakohoa, mwingine anajikojolea alipolala. Mkunga alipika sufuria yao, akafua matandiko yao, akawapaka dawa za masikio, na alipokaa chini apumue, wa kwanza alikuwa ameshaharisha tena. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Msemo huo aliupenda sana zamani, siku hizi aliona kama unamsimanga.

"Baba, njoo ukae kwangu," binti yake alimwambia kila alipokuja kumtazama. "Chumba kipo, kitanda kipo."

"Na hawa?"

"Hao ndio wanaokuua."

Hakubisha, maana aliona ni kweli. Lakini kulikuwa na Pilipili. Huyu alikuwa jike mwekundu, kijana bado, wa mwisho wa uzao ambao Mkunga alianza kuutengeneza akiwa na meno yake yote. Nyonga safi, akili za mtu mzima, hambwekei mtoto na hamwachii mwizi. Pilipili asipozaa, uzao umekatika, na miaka yote ile imekwenda na maji ya kufulia. Ila yeye Mkunga hakuwa tena na nguvu za kukesha na jike mwenye uchungu. Alitaka apatikane mtu wa kumrithi, basi. Akishapatikana, angefunga mlango na kwenda kulala kwenye hicho kitanda cha binti yake mpaka achoke kulala.

Wenye hamu walikuja, na Mkunga alikuwa na mtihani wake. Hakuuliza mtu amesoma nini wala ana banda kubwa kiasi gani. Alimkabidhi mbwa mzee. "Mlee huyu mpaka afe. Kisha uje tuongee habari za kuzalisha."

Mwenye bucha alichukua ajuza mmoja huku akijigamba kwamba kwake nyama haikosekani. Haukupita muda akamrudisha. "Mzee wangu, anakojoa sebuleni. Mke wangu kasema nichague mmoja."

"Sasa vitoto vinane vikikojoa kwa pamoja, ungemchagua nani?"

Mwenye bucha alicheka. Mkunga hakucheka.

Akaja muuza vipuri vya magari. Huyu hakurudisha mbwa, alirudi na uso wa msiba. "Mzee wetu ametutoka."

"Pole. Siku ya mwisho alikula nini?"

Muuza vipuri alitazama dari. "Alikula... chakula."

"Alilalia upande gani?"

Mkunga alimwonesha mlango, halafu akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kulia kama mtoto. Alimtoa mnyama mzee nyumbani kwake ili apimie watu, na mnyama akafia asikojua mtu. Akaapa hatamtoa mwingine.

Kiapo hicho kilivunjwa na msusi. Alikuwa na saluni kwenye kona ya mtaa, mwanamke wa makamo mwenye mgongo uliochoshwa na vichwa vya watu, na alitaka kazi nyingine kabla mgongo haujakatika. Mkunga alimkatalia mara ya kwanza, akamkatalia na ya pili. Mara ya tatu msusi hakuomba kitu. Alichuchumaa uani mbele ya Kapteni, dume mkubwa aliyerudishwa na watu watatu tofauti, akamshika kiwiko kilichoota sugu.

"Huyu analala kwenye saruji?"

"Nimemwekea godoro, halitaki."

"Halitaki, au hawezi kulipanda?"

Mkunga aliona aibu, kwa sababu hakuwa amefikiria hilo. Kapteni akaenda na msusi.

Kwenye saluni mbwa alitandikiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, penye joto. Wateja walilalamika mwanzoni, baadaye wakawa wanamruka bila hata kutazama chini. Mkunga alipopita kumtazama alimkuta amechanwa vizuri kuliko waliolipia. Meno yalipokwisha, msusi alimlisha kwa vidole. Miguu ya nyuma ilipogoma, alimpitishia taulo tumboni akamnyanyua hivyo mpaka nje, mgongo wake mwenyewe ukilia, amwache ajisaidie kama mwungwana, kisha arudi kumalizia kichwa cha mtu kilichosukwa nusu. Mkunga alifurahi mno, na furaha yenyewe akaionea aibu, maana ili apate mrithi ilibidi Kapteni afe, na Kapteni alikuwa bado anamtikisia mkia.

Akafa. Msusi alikuja mwenyewe kusema, macho yamevimba.

"Alikunywa mchuzi kidogo, akakataa nyama," alisema kabla hajaulizwa. "Akageukia ukutani. Nikamgeuza anione, akanilamba hapa kiganjani, basi."

Mkunga alimkalisha, akampa maji, akamwacha alie. Kisha akaingia ndani akatoka na Pilipili, amempiga brashi mpaka anang'aa. "Mwanangu, umefaulu. Huyu ni wako. Mwenye dume nimeshaongea naye, picha za nyonga zake nimeziona. Nitakufundisha kila kitu."

Msusi alimpapasa Pilipili masikio. "Namtaka, Baba. Ila simzalishi."

"Husemi kweli."

"Kapteni alirudishwa mara tatu, na mara zote ulikuwepo kumpokea. Nilimtazama akifa, nikawa nawaza, asingekuwepo huyu mzee ingekuwaje? Nikizalisha, itanipasa niwepo kwa kila mmoja mpaka afe. Siwezi. Mmoja ninaweza. Huyu ninamweza."

"Basi nitamzalisha mwenyewe!"

"Kwa magoti yapi?"

Hapo Mkunga akapandwa na hasira. Alimwambia hana adabu, alimwambia aende akasuke nywele zake, mambo ya mbwa awaachie wenyewe. Msusi aliosha kikombe alichonywea, akaaga kwa heshima zote, akaenda zake.

Hasira zilimkaa mzee siku kadhaa. Mwenye dume alipiga simu kuuliza mbona kimya. Mkunga alimwambia wiki ijayo, akakata, akatoka uani na matandiko machafu mikononi, na njiani goti likamwangusha. Hakuumia. Alikaa tu pale sakafuni, vikongwe wakamzunguka kumnusa, akashindwa kuinuka. Akiwa amekaa hivyo alijiuliza swali ambalo mtihani wake uliwauliza watu: wakirudishwa, utawapokea? Alihesabu umri wa watoto ambao Pilipili angezaa, akahesabu na wake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Angekuwa mtu mwingine amesimama mbele yake na magoti haya na umri huu akiomba jike wa kuzalisha, asingempa hata mbwa mzee. Angemfukuza.

Alimpigia msusi simu akiwa bado sakafuni.

"Njoo uninyanyue," alisema. "Halafu tumpeleke Pilipili kwa daktari."

Daktari wa mifugo alimfahamu Mkunga tangu akiwa mwanafunzi, naye aliuliza mara mbili. "Mzee, nikishamfunga kizazi hakuna kurudi nyuma. Damu hii haipo kwingine."

"Najua ilipo na isipokuwepo. Nimeitengeneza mimi."

Akaomba abaki mpaka Pilipili alale. Daktari alikubali, akachoma sindano. Msusi alishika miguu, Mkunga akashika kichwa. Mikono ile ilikuwa imevuta watoto waliokwama, imewapuliza pua waliozaliwa hawapumui, imezika walioshindikana. Sasa haikuwa na la kufanya. Pilipili alimtazama, kope zikaanza kumshinda.

"Nisamehe, mama," Mkunga alimwambia. Sauti ilimtoka nzima, hakujali nani anasikia. "Wewe huna kasoro hata moja. Mimi ndiye sifai."

Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Pilipili akalala. Msusi alimshika mzee kwapani, akamnyanyua alivyozoea kumnyanyua Kapteni, pole pole, akiiacha miguu ijitafutie sakafu yenyewe, akamtoa nje mpaka kwenye benchi.

"Kaa hapa, Baba. Akiamka nitakuita."

"Binti yangu anataka nihamie kwake," Mkunga alisema. "Waliobaki uani wananizuia. Nikimaliza kuwazika, nitaenda."

"Wako wangapi?"

Aliwataja mmoja mmoja, na ugonjwa wa kila mmoja. Msusi alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule anayekohoa," alisema, "nitamchukua na yeye."