Geti hakuwahi kufunga goli, ila alitaka picha yake kwenye Ukuta wa Magwiji: kesi tuliyoiendesha Doha

Wakuu, salaam kwenu mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Nimepita jukwaa la michezo nikakuta watu wanatoana macho kuhusu mchezaji fulani, kama anastahili kuingia Hall of Fame au hastahili. Mmoja anahesabu makombe, mwingine keshaanza kumtukania mwenzie ukoo. Nikacheka peke yangu, maana mjadala wa aina hiyo mimi nimeushiriki live, tena upande wa mashtaka.

Ninayoandika ni kweli. Wengine waliokuwepo wamo humu humu, wanisute nikizidisha chumvi.

Ilikuwa Doha, Qatar, miaka ile ya 2010s kabla metro haijafunguliwa. Nilikuwa mlinzi. Kampuni ilitupanga kwenye villa moja kubwa kule Muaither, Watanzania, Wakenya na Waganda, vitanda vya juu na chini, jiko moja, na kila siku ugomvi wa nani kamaliza gesi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mpira. Asubuhi mapema, kabla jua halijaanza ukatili wake, tunakutana kwenye kiwanja cha vumbi na kokoto tunacheza na timu za madereva, wapishi wa hotelini na wafanya usafi. Ukiona mtu kiatu chake kimedumu pale, jua anakaa benchi.

Sasa villa yetu ilikuwa na Hall of Fame. Msicheke kwanza.

Ukuta wa sebuleni, juu ya friji, zilikuwepo picha tatu za wachezaji wetu waliokwisha kurudi kwao moja kwa moja. Tuliuita Ukuta wa Magwiji. Kila picha imeandikwa jina la mtu chini yake. Mgeni akija, kabla hajapewa maji anaonyeshwa ukuta.

Utaratibu ulikuwa hivi. Hupandishwi ukiwa bado upo Doha, lazima uwe unaondoka kwa exit ya mwisho, yaani kibali cha kurudi kwenu moja kwa moja. Ijumaa yako ya mwisho, baada ya swala na biriani, kikao kinakaa. Mmoja anakutetea, mmoja anakupinga, halafu watu wananyoosha mikono.

Mpingaji ni lazima awepo hata kama unapendwa namna gani. Siku ya kuagana watu huwa na huruma, na huruma ikiachiwa, picha zingefika mpaka chooni.

Mpingaji wa kudumu nilikuwa mimi. Mdomo huu Mungu alinipa na sikuona sababu ya kuuficha. Kuna jamaa nilimpinga akakosa kura, akaondoka bila kuniaga na kani-block mpaka leo. Sijutii. Alikuwa anapiga chenga hadi wachezaji wa timu yake.

Basi bwana, ikafika zamu ya Geti.

Geti alikuwa Mzanzibari, mtu mzima, mrefu, mpole hadi anakera. Miaka yote aliyokaa Qatar alilinda geti moja tu la makazi ya watu wenye nazo, ndiyo maana tukamwita Geti. Uwanjani alikuwa beki wa kulia. Kukimbia hakimbii. Kichwa hapigi, anasema kinamuuma. Goli hajawahi kufunga, isipokuwa kwenye lango letu, na hapo alijitahidi zaidi ya mara moja.

Ila alikuwa na jambo lake moja.

Mpinzani akija na mpira upande wake, Geti anasimama katikati ya njia, ananyoosha mkono mbele, kiganja wazi, kama anavyosimamisha gari getini. Basi. Hafanyi kingine.

Na wakuu, watu walikuwa wanasimama.

Si kila mara, lakini mara nyingi kuliko akili inavyokubali. Mnaoishi Ughaibuni hasa Ghuba mtanielewa. Ukiingia jengo, mkono. Ukitoka na mfuko, mkono. Ukikatiza njia isiyo yako, mkono. Mwisho mwili unazoea, unasimama wenyewe kabla kichwa hakijauliza kuna nini.

Msimu wake wa mwisho tukafika fainali ya kombe la Ijumaa na wapishi wa hotelini. Tunaongoza moja bila, dakika zimekwisha, refa ameshatia filimbi mdomoni. Straika wao, Mkenya mmoja anaitwa Njoroge, akatoka na mpira katikati. Akampita huyu, akampita yule, na mimi akanipita (nilikuwa nimechoka, tusilijadili). Akabaki na Geti.

Geti akanyoosha mkono.

Njoroge akafunga breki. Mpira ukasimama mguuni, na yeye akapeleka mkono kwenye bukta kutafuta bataka, yaani kile kitambulisho cha ukaazi ambacho Doha hutembei bila kuwa nacho. Bukta yenyewe haina mfuko. Akawa anajipapasa mapaja huku anatoa macho. Geti akamsogelea taratibu, akauchukua mpira, akautoa nje. Filimbi. Kombe letu.

Wapishi walimzonga refa, dereva mmoja wa Kisudani, wakitaka penalti. Refa akauliza, "Kamgusa?" Hakumgusa. "Kagusa mpira kwa mkono?" Hakugusa. Refa akasema khalas, yameisha, akaenda zake kunywa chai ya karak.

Haikupita muda mrefu Geti akapata exit yake. Akanifuata jikoni nikiwa nakaanga mayai, mkononi ana fremu kubwa ya rangi ya dhahabu aliyoinunua madukani kule Najma, picha yake tayari imo ndani. Fremu ilikuwa kubwa kuliko zile tatu zikiunganishwa.

Akaniambia, "Mie pale getini n'na miaka. Watu wanapita asubuhi na jioni, wananiita sekyuriti. Si neno, ndiyo kazi. Lakini nataka pawe na pahala pamoja Doha hii, nikishaondoka, mtu akipita ajue nilikuwapo."

Wakuu, nilimwonea huruma, mayai yakaungua. Lakini nikamwambia ukweli, "Mzee wangu, mimi nitakupinga, na nitakupinga kwelikweli."

Akasema, "Nipinge. Kupandishwa kwa huruma mie sitaki." Akaifuta fremu vumbi ambalo halikuwepo, akaondoka.

Ijumaa yake ikafika. Ndege ilikuwa jioni ile ile. Biriani ikaliwa, kikao kikakaa, Geti kaketi kwenye kiti cha plastiki mbele yetu, suruali imepigwa pasi, begi liko mlangoni, fremu kaipakata kama mtoto.

Mtetezi alikuwa Otieno, kapteni wetu, Mkenya, ambaye ndiye pia dereva wa basi dogo la kampuni na ndiye atakayempeleka airport. Alianza na tangazo, "Wasee, saa kumi natoka na hiyo gari. Kama mtakuwa bado mnabishana na mzee akose ndege, hiyo si story yangu."

Halafu utetezi wake ukawa huu tu, "Kombe ndio hilo juu ya fridge. Bila Geti lingekuwa kwa wapishi, wanakatia kitunguu ndani. Nimemaliza." Akakaa. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama mimi.

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, tena kazini, natembea kwenye parking ya watu naongea peke yangu. Nikawauliza, gwiji ni nani? Gwiji ni mtu wa mpira. Huyu mzee alichofanya kwenye fainali si mpira. Ni duty. Alifanya uwanjani kile kile anacholipwa kufanya getini. Kama hiyo inampandisha mtu ukutani, basi Otieno apandishwe kwa kushika breki, na mpishi apandishwe kwa kugeuza chapati.

Watu wakacheka. Nikaona mikono inasita, maana mwendesha kesi huwa anaona. Nikakoleza. Nikasema Njoroge hakusimama kwa sababu ya uwezo wa Geti, alisimama kwa sababu sisi sote Doha tumefundishwa kuiogopa sare. Ile ni nguvu ya sare, siyo ya mtu.

Kisha nikaita shahidi. Ndiyo, nilimleta Njoroge mwenyewe. Nilimhonga sahani ya biriani.

Nikamwuliza, "Ulisimama kwa nini?"

"Sijui boss. Nilijipata tu nimesimama."

"Umezoea kusimamishwa na walinzi?"

"Kila siku. Hata hotelini kwetu, na wananijua."

Nikawageukia wajumbe, nikatandaza mikono kama mwanasheria wa kwenye tivii. Kesi nimeshinda. Nilishaanza kufikiria maneno ya kumfariji mzee.

Geti akanyoosha kidole, akaomba amwulize shahidi swali. Haijawahi kutokea, lakini hakuna aliyekuwa na katiba ya kumzuia.

"Yakhe, siku ile mie nilivaa nini?"

Njoroge akafikiri. "Jezi. Na hiyo kaptula ya green. Ilikuwa imepasuka hapa nyuma."

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko. Geti akangoja wamalize.

"Sare nilikuwa nayo?"

"Hapana."

"Redio? Beji? Geti lilikuwapo pale?"

"Hapana mzee."

"Basi ulisimama kwa ajili ya nani?"

Njoroge akamwangalia, akaniangalia mimi ambaye alikuwa amenilia biriani yangu, akamrudia mzee. "Wewe," akasema. "Nilisimama kwa sababu yako."



Geti akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema, "Getini wanasimama kwa ajili ya sare. Nikiivua nikaenda dukani kununua mkate, wananipiga vikumbo. Siku ile uwanjani nilikuwa na bukta mbovu tu, na mtu akasimama. Hicho ndicho ninachokitaka kiwekwe ukutani."

Wakuu, nikasimama nijibu. Nilitafuta hoja mfukoni, nikatafuta kichwani, nikabaki najipapasa.

Otieno akaangalia saa, akaitisha kura. Mikono yote juu. Njoroge naye akanyoosha, akaambiwa yeye ni timu pinzani hana kura, akakataa kuushusha. Wa mwisho kunyoosha nilikuwa mimi, na nilinyoosha yote miwili.

Tukaitundika ile fremu. Ilibidi zile picha tatu zisogezwe pembeni, na bado kona yake ilifunika swichi ya taa, ikawa ukitaka kuwasha taa unapitisha mkono nyuma ya Geti.

Mimi ndiye nilikuwa naandika majina, kwa sababu ya mwandiko. Nikachukua marker na karatasi. Nikainama niandike.

Nikakwama.

Nikamtazama Otieno, Otieno akatazama feni. Nikamtazama jamaa anayelala kitanda cha juu yake, naye akaanza kukuna shingo. Watu zaidi ya kumi tumekula naye, tumeshinda naye kombe, tumemwendeshea kesi, mimi nimempinga kwa ufasaha wote ule, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake.

Nikaona aibu, wakuu. Aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikamwuliza, "Mzee, samahani. Unaitwa nani?"

Hakukasirika. Aliyatamka majina yake matatu taratibu, moja baada ya jingine, na kila nilipomaliza neno aliinama kuangalia kama nimeandika sawa. Otieno alikuwa nje anapiga honi. Mzee hakutoka mpaka karatasi imebandikwa, akaisoma kwa sauti ndogo, ndipo akabeba begi lake.

Funzo nililolipata: takwimu za mchezaji zitazameni, lakini msije mkabishana mpaka usiku kuhusu mtu ambaye hamjawahi hata kumwuliza jina. Na ukiwa mwendesha mashtaka, usimlishe shahidi kabla hajatoa ushahidi. Mlishe baada.

Mkitaka kujua kama mimi nilipandishwa ukutani nilipoondoka, jibu ni hapana. Kikao hakikai bila mpingaji, na mpingaji ndiye alikuwa anasafiri.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaoona hakustahili leteni hoja, nitawajibu, nazijua zote kwa sababu nilizitunga mimi. Sharti ni moja tu. Kwenye comment yako usimwite Geti.

Andika Makame Khamis Juma.