Bwana Joho Anarudi Nyumbani

Siku ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu Nasra, ni Ijumaa moja kule Kikwajuni, nilipomwaibisha baba yangu mbele ya mke wake mpya kwa sababu ya kitabu cha katuni. Usicheke. Najua mchoraji wa katuni katika nyumba hii ni wewe, na juzi ulikuja na michoro yako ya familia ya mashujaa: mama anaruka juu ya majumba ya Michenzani, baba ananyanyua gari kwa kidole, mtoto anapita ukutani kama upepo. Ukaniuliza, "Mama, na huyu mama wa kambo nimpe nguvu gani? Zote nshazigawa." Nikakwambia ngoja nifikiri. Wallahi sikuwa nikifikiri, nilikuwa nikikumbuka.

Tena najua kwa nini umemchora. Mwezi ujao unaolewa, unaingia nyumba ya Mpendae yenye mtoto ambaye si wa tumbo lako, na siku hizi naona hata chai inapoa mbele yako. Basi weka hiyo simu, kaa hapa mkekani, unisikilize. Wazee walisema kuambizana kupo, kusikilizana hapana. Leo nataka yote mawili.

Babu yako, baba yangu mie, alikuwa fundi baskeli Ng'ambo. Mikono yake ilikuwa na mafuta meusi yasiyotoka hata asugue kwa mchanga. Kulikuwa na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Mkunazini, Bwana Kanji, na kila akitengenezewa baskeli ya mwanawe humpa baba, juu ya ujira, vitabu vya katuni ambavyo yule kijana amevichoka. Vilikuwa vya Kiingereza, vya mashujaa waliovaa nguo za kubana, astaghfirullah, na kitambaa kirefu kinapepea mgongoni. Baba alikiita kile kitambaa joho, kama joho la bwana harusi, na shujaa naye akawa Bwana Joho. Mie na ndugu yangu Ali tukidhani kila siku anakwenda kuoa.

Sasa baba hakusoma skuli, alisoma chuo cha Kurani tu. Msahafu alikuwa akiusoma mpaka wapita njia wanasimama dirishani, lakini herufi za Kizungu hazijui hata moja. Basi kitabu cha katuni alikifungua kama alivyozoea kufungua msahafu, kutoka kulia, na picha akazifuata kulia kwenda kushoto. Umeelewa? Hadithi nzima ikaanzia mwisho. Jengo lilikuwa vifusi, ukifunua ukurasa limesimama zima. Watu wanalia, ukifunua wamenyamaza, ukifunua tena wanacheka sokoni. Bwana Joho anapigana, ngumi zinapungua, hasira zinapoa, na ukurasa wa mwisho amevaa shati lake la kawaida, amekaa kwao. Hapo baba alifunga kitabu na kusema maneno yake yale yale: "Akavua joho, akanawa mikono, akala na wanawe."

Hakuna shujaa duniani aliyekuwa mtu wa nyumbani kama huyo. Katika kinywa cha baba, Bwana Joho alimtolea bibi yake shikamoo, aliulizwa kama keshasali, alitumwa chumvi. Ali alikuwa akimpenda kuliko chakula. Mama yetu alikufa Ali akiwa bado anatambaa, na nadhani, mwanangu, yule mtoto alihitaji sana kuona mtu anayetoka na kurudi.

Kisha baba akaoa. Bi Rukia alikuwa mtoto wa mwalimu, mwanamke mrefu, mtaratibu, hasemi sana. Mie nilimchukia siku aliyoingia. Hakunifanyia kitu! Alikuta kanga za mama yangu sandukuni akaziacha pale pale, akazitia asumini. Lakini nilishaamua. Yeye nilimwita "yule". "Yule kasema chakula tayari." Baba alisikia, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikozidi kunipandisha kichwa. Wazee walikwisha kusema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mie kwa kweli nilikuwa nshaachiwa kamba ndefu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kusoma Kiingereza skuli, na nilikuwa hodari, usione hivi. Siku moja nikakichukua kitabu kimoja peke yangu, nikakisoma kwa upande wake, kutoka kushoto. Lo! Bwana Joho anaanza kwao, anaondoka hata kwaheri hamuagi mtu, na mwisho wa kitabu kila kitu kimebomoka naye amesimama peke yake juu ya vifusi. Sikumwambia mtu. Nililiweka jambo hilo kama mtu anavyoweka jiwe mfukoni.

Ijumaa ile tulikwisha kula, baba karudi kutoka msikitini, kibanda chake kimefungwa kama kila Ijumaa. Tumekaa ukumbini, Ali kwenye mapaja ya baba, Bi Rukia anachambua mchele pembeni. Baba kafungua kitabu, kaanza. Kwa mara ya kwanza Bi Rukia akacheka, cheko la kweli, na baba akamtazama kwa furaha ambayo sikuiona tangu mama yuhai. Hapo ndipo roho iliponiuma. Nikasema kwa sauti, "Baba hajui kusoma! Anakifungua kinyume! Hayo yote hayamo, anayatunga tu!"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Baba hakunipiga, hakunikemea. Kidole chake cheusi kikabaki pale pale juu ya picha, na nikaona uso wake unashuka taratibu. Ali akanitazama, akamtazama baba, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani Bwana Joho harudi nyumbani?"

Nilitamani ardhi inimeze, mwanangu, lakini ardhi nayo ina hiari yake.

Bi Rukia akaweka ungo chini. Akaja, akakaa karibu na baba, akakichukua kitabu. Mie nikajua sasa nimekwisha, huyu kasoma, atakigeuza, atasema kweli mtoto huyu ana haki. Akakifungua kulia. Akaweka kidole juu ya maandishi ya Kizungu, mbele ya macho yangu, akasoma: "Hapa kaandika, 'Hodi, wanangu. Nimerudi.'"

"Karibu!" Ali akapiga kelele.

"Macho yangu yamechoka," akamwambia baba, akamrudishia. "Endelea weye, mume wangu."

Maneno ya pale niliyaona, Nasra. Yalikuwa ya mtu anayetishia kuua.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Umesema uongo." Hata jina sikumwita.

"Nimesema," akanijibu, wala hakupandisha sauti. "Nitamjibia Mola wangu. Weye umesema kweli. Haya, nenda kamtazame baba yako, kisha uje uniambie kweli yako imemfaa nini."

Nikatoka.

Baba alikuwa ameshakwenda uani. Kapindua baskeli yake miguu juu, anazungusha gurudumu na kulitazama, siku ya Ijumaa, mtu ambaye hakushika spana siku ya Ijumaa maisha yake yote. Nikakaa karibu naye. Nikaanza kulia kabla sijasema neno.

"Nnajua kuwa hakisomwi hivyo," akasema, macho kwenye gurudumu. "Bwana Kanji alinambia zamani, akanicheka sana. Nikajaribu kukifungua kwa upande wao. Ali akaniuliza mbona anaondoka. Nikakirudisha."

"Na Bi Rukia anajua kuwa unajua?"

"Hajui. Kanisitiri, nami nimemwacha anisitiri." Akafuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikufutika. "Mwanamke akikufunikia aibu yako, mwanangu, usimwambie hukuwa na baridi."

Kumbe nyumba nzima, mjinga alikuwa mie na Kiingereza changu. Nilirudi jikoni. Bi Rukia alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya usiku. Nikasogea mpaka nyuma yake. Halafu neno likatoka.

"Mama, nipishe nikukunie."

Hakugeuka haraka. Nadhani alikuwa anafuta macho. Kisha akanyanyuka, akanipisha. Mpaka leo nikisikia nazi inakunwa namkumbuka, Mungu amrehemu, na baba, na hata Bwana Kanji. Vitabu vile vililiwa na mchwa, na Ali sasa ana wajukuu huko Fuoni, lakini ukimuuliza Bwana Joho alifanya nini atakwambia alirudi nyumbani.

Basi, mwanangu, umeuliza nguvu ya mama wa kambo. Mpe sitara. Najua haichoreki, haina cheche wala moshi, lakini utatafuta namna, wewe ndiye fundi. Wazee walisema funika kombe mwanaharamu apite. Watu wa nyumba moja wanaona aibu za wenzao kila siku, na anayezifunika ndiye anayeishika nyumba isianguke. Na ukifunikwa wewe, tulia, ukubali kufunikwa. Kweli yako ikikuwasha ulimini, kwanza itazame itamwangukia nani. Wala usimdai mtoto wa Mpendae akuite mama. Usiziguse kanga za mamake ila kuzitia asumini. Akikuita "yule", meza. Akikuita kwa jina lako, itika naam. Liache hilo neno lije lenyewe, hata likichelewa, maana likija kwa kulazimishwa halina ladha.

Nenda na radhi zangu zote, Nasra, za maziwa na za mgongo uliokubeba. Mola akupe nyumba ambayo kila anayetoka hurudi, akanawa mikono, akala na wanawe. Na siku ukisikia sauti ndogo nyuma yako inakwambia "Mama, nipishe," usigeuke haraka. Futa macho kwanza.