Kiota cha Fundichuma Juu ya Jiko la Mke Wangu

Kama hujawahi kumtazama fundichuma, usijilaumu, hana sura ya kumfanya mtu ageuke. Ni ndege wa kahawia, rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni, na kichwa chake kimechongoka mbele na nyuma kama nyundo. Kutwa yuko kwenye majaruba yetu ya mpunga huku bondeni Momba, anavuruga tope kwa mguu mpaka chura atoke kuuliza kuna nini, na huo ndio mwisho wa chura. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo haya sikuyasoma. Nimeyaona nikiwa nimekaa wakati wenzangu wanapalilia.

Adabu hana. Wakikusanyika wanne watano huanza makelele na kupandana migongoni, dume juu ya jike, jike juu ya dume, na mara nyingi huko juu hakuna linalotendeka. Mwinjilisti wetu aliwakuta siku moja akiwa njiani kwenda ibadani. Akashuka kwenye baiskeli, akaangalia mpaka mwisho, kisha akaja kutuhubiria juu ya uzinzi.

Lakini nyumba anajua kujenga. Mume na mke hubeba vijiti wiki baada ya wiki, mpaka kiota kinakuwa mlima ambao mtu mzima anaweza kusimama juu yake asizame. Mlango uko kwa chini, umekandikwa tope vizuri kuliko ukuta wangu. Na wanapamba: mifupa, soksi, kiroba cha unga kutoka Zambia. Kwenye kile cha kwetu kulikuwa na chupi yangu ya bluu, waliyoiiba kwenye kamba, ikapepea msimu mzima mbele ya wageni.

Nasema cha kwetu kwa sababu walikijenga kwenye mkuyu, juu kabisa ya jiko la mke wangu. Asubuhi moja tawi likalia. Mke wangu akatoka nje na mwiko mkononi, akatazama juu, akasema mvua ya kwanza ikiulowesha ule mzigo tawi litamshukia yeye na sufuria yake. Kabla halijamshukia atakuwa kwa binti yetu kule Ihanda, na mimi nijipikie.

Utasema, si ukate tawi? Huku kwetu anayevunja kiota cha fundichuma hupigwa na radi. Usidhani ni mambo ya kutishia watoto, wanaamini watu wazima wenye simu mbili. Niliwaomba vijana wenye mashoka, kila mmoja akakumbuka msiba wa mbali.

Nikamfuata mtani wangu, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Utani wetu ulianza siku ng'ombe wale walipokula mpunga wangu, maana siku ile ilikuwa ama utani ama panga. Na mtani hufanya lile ambalo wewe huthubutu. Anaingia msibani anamcheka marehemu, na hakuna wa kumuuliza. Nikaona radi nayo itamchukulia hivyo hivyo.

Alikuja na shoka, akapanda huku akimtukana fundichuma pamoja na ukoo wangu wote. Alipofika kwenye kiota akainama achungulie mlangoni. Matusi yakakatika. Ndani kulikuwa na bundi, uso mweupe, anamtazama. Fundichuma ndivyo walivyo, wakishahama bundi huingia kama mrithi.

Mtani alishuka kama gunia.

"Radi ningebishana nayo," alisema. "Huyo kaniangalia kama ananijua."

Nikamweleza kwamba hapo kazi imekuwa nyepesi: mwenye nyumba kahama, radi haina kesi tena. Akanijibu kwamba bundi ana kesi yake mwenyewe, tena hiyo ni ya vifo. Tukabishana hadi kivuli kikahama, mke wangu akitusikiliza.

"Kumbe ndiyo maana panya wamepungua ghalani," alisema. "Basi yeye akae. Nyie hamisheni jiko."

Tukahamisha, wazee wawili, nguzo, bati na mafiga, mpaka upande wa pili wa nyumba, mke wangu akitusimamia kwa kukaa. Kule Ihanda hakwenda tena. Mvua zilipoanza, tawi lilianguka mchana, likatua pale pale alipokuwa akiweka kigoda chake. Bundi aliruka akaenda kwa jirani.

Likabaki lundo la vijiti, juu vimelowa, ndani vikavu. Kijiji kizima kikapita mbali. Mke wangu akajifunga khanga kiunoni, akachukua mzigo, akawasha moto, akainjika maharage.

"Mimi sijavunja kitu," alisema. "Kimeanguka chenyewe."

Mtani alifika harufu ilipomfikia. Yeye alikaa karibu na mlango, mimi nikakaa mbali na bati. Ngurumo ikasikika huko upande wa Chitete, na sote wawili tukaacha kutafuna. Mke wangu akatuongezea maharage.