Shahidi Asiyefaa

Verlyn Stuessy anaendesha lori la maziwa. Miaka ishirini na mbili amezunguka mashamba ya huku kwetu Wisconsin kila alfajiri, theluji iwe magotini au isiwe. Ukimsalimia, anakujibu kwa kuinua kofia.

Alipomwoa jirani yangu Colleen, alimkuta na binti wa miaka mitano, Maren, mgonjwa wa pumu. Colleen anafanya kazi kiwanda cha jibini, ambako simu hufungiwa kabatini, kwa hiyo kifua kikimbana mtoto, Verlyn ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali. Na kila mara, pale kwenye dirisha la mapokezi:

"Wewe ni nani kwake?"

"Mume wa mama yake."

"Basi subiri nje."

Karatasi zilimtambua mama, pamoja na yule baba mzazi aliyehamia Arizona asijue hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Verlyn alikaa kwenye korido akimsikia Maren akikohoa nyuma ya mlango. Mimi ningeuvunja.

Maren akatimiza miaka kumi na minane, chuo kinamngoja. Siku hiyo ikifika, sheria yetu humwondolea hata mama haki ya kuulizwa. Mtoto mwenyewe ndiye huandika nani atamsemea kwa madaktari akizidiwa. Fomu inataka mashahidi wawili wasio ndugu. Maren akaniomba niende na mume wangu.

Nilienda peke yangu, maana Verlyn alinipigia simu: "Ardis, mwache mzee aangalie mpira wake. Shahidi wa pili nipo."

Nikamkuta mezani jikoni, shati limepigwa pasi, kalamu mkononi.

"Wewe huwezi, Verlyn," Maren akasema.

"Kwa nini? Si wanataka asiye ndugu? Miaka kumi na mitatu hospitali wananiambia mimi si ndugu. Leo angalau nifae."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anajitolea! Nikainamia kahawa yangu.

"Mama, mwambie."

"Mwambie mwenyewe, karatasi ni yako," Colleen akajibu, anajifuta macho kwa taulo la vyombo.

"Haya, soma ukurasa wa kwanza, mbishi wewe," Maren akamwambia Verlyn.

Akavaa miwani. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari. Aliyechaguliwa kumsemea Maren ni Verlyn Stuessy. Akishindwa yeye, mama.

"Umekosea hapa."

"Sijakosea. Simu ya mama iko kabatini. Wewe ndiye huwa upo."

Nimehudhuria harusi na ubatizo mwingi, lakini sikujua kwamba mtoto anaweza kukaa jikoni kwao, akachukua kalamu ya dola moja, akamzaa baba.

Verlyn akavua miwani. Kisha akaisukuma kalamu yake kwangu, taratibu.

"Ardis," akasema, "kamwite mumeo. Mimi sifai."