Ng'ombe wa Mtu wa Geita

Nina mfadhili tangu darasa la tatu. Ni mama mmoja wa ng'ambo, nimemwona kwenye picha tu, amepakata paka. Yeye ndiye anayelipia hosteli, sare na madaftari. Kutoka kijijini kwetu, ndani kabisa kutoka Kagongwa, kwenda shule kwa miguu ni saa mbili na kitu. Wasichana wawili niliomaliza nao la saba walijaribu kutembea. Sasa hivi wote wako nyumbani, mmoja ana mtoto. Kwa hiyo mfadhili akiondoka, na mimi shule imeisha. Hilo nilikuwa nalijua vizuri.

Kila mwaka afisa wa mradi anakuja kuangalia hali ya nyumbani. Wa zamani alikuwa anafika mchana, ng'ombe wakiwa machungani. Mwaka huu alikuja dada mgeni, anatoka Shinyanga mjini, akafika asubuhi kabla zizi halijafunguliwa. Akasimama pale na kalamu yake, anahesabu.

"Binti, ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole," Baba akamwambia.

"Nahesabu kwa kalamu, baba."

Mama yangu akacheka, halafu akaacha alipoona Baba hacheki.

"Ni wa kwako wote hawa?"

"Si unawaona wako kwangu?"

"Nimeuliza ni wa nani, baba yangu."

"Ng'ombe akilala kwangu, niseme ni wa nani tena?"

Dada akaandika. Akasema kwa upole kabisa kwamba mwenye zizi kama lile anaweza kusomesha mwanawe, na kuna watoto wengi wanasubiri nafasi. Baba akaenda kufungua zizi.

Ng'ombe hawakuwa wetu. Ni wa mnunuzi wa dhahabu huko Geita, rafiki wa Baba toka ujanani. Kwetu ni kawaida, mtu anaweka ng'ombe wake kwa mwenzake wa mbali, anayetunza anakunywa maziwa na baada ya miaka anapewa mtamba, jike ambaye hajazaa, awe wake. Huyu aliwaficha kwetu ili ndugu zake na wake zake wawili wasijue ana mali gani. Baba alimwahidi hatasema, na kweli hakusema. Hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa anamwita tajiri. Nadhani Baba alilipenda hilo jina kidogo.

Mimi darasani mwalimu akiuliza, hata nikiwa na jibu nainama kama nafunga kamba ya kiatu. Siku ile sijui ilikuwaje. Dada alipoenda kwenye pikipiki yake nilimfuata, nimembebea kofia yake.

"Dada, wale si wetu."

"Sasa baba yako mbona hasemi?"

"Hawezi. Aliahidi."

Akatoa simu yake. "Mwenyewe ana simu?"

Namba nilikuwa naijua kwa kichwa, maana Baba hasomi, mimi ndiye ninayempigia. Dada akapiga, akaweka sauti ya nje, akajitambulisha, akauliza habari za ng'ombe.

"Ng'ombe gani?" mtu wa Geita akasema. "Mimi sina hata kuku!"

Dada akanigeukia kama mtu aliyemkamata mwongo. Nikasogea kwenye simu.

"Shikamoo baba mdogo. Ni mimi."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Ukiwakataa nitaacha shule."

Nikasikia kelele za watu kule, wanabishana bei. Halafu akasema taratibu, "Ni wangu. Mwambie huyo mama aandike, halafu asiniulize tena."

Dada akakata mistari miwili kwenye fomu yake, akaandika upya. Akaondoka.

Wiki ile ile mtu wa Geita akaja na wachungaji wawili. Hakugombana. Alisema siri ikishaingia kwenye karatasi, si siri. Wakawatoa wote mpaka ndama, na mtamba tuliyekuwa tunamngoja hakumtaja. Mdogo wangu akaendelea kudai maziwa siku nyingi, Mama anampa uji mkavu.

Baba hakunipiga. Hakuongea na mimi mpaka siku ya Jumapili, akasema, "Umesema kweli, mama. Lakini ungeanza kwangu."

Nikasema, "Ungenikataza."

"Ningekukataza," akakubali.

Shule zilipofunguliwa, na hosteli imelipiwa tena, Baba alinifungia sanduku langu kwenye baiskeli, tukaenda tunaikokota. Njiani wazee waliokuwa wanakunywa kahawa wakamwita, "Tajiri! Mbona zizi jeupe, umeuza?"

Baba akasimama. "Hawakuwa wangu. Wameenda kwa mwenyewe."

"Kumbe! Miaka yote hiyo tunakuamkia bure!"

Wakacheka sana. Baba naye akacheka kidogo, akasukuma baiskeli, mimi nyuma nimeshikilia sanduku lisianguke.