Kwa Nini Injili Ziko Nne

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, jumuiya ilipokuja kusali nyumbani kwetu hapa Tegeta, nami nikiwa nimeshafunga begi la kurudi kwa wazazi wangu Njombe. Nakusimulia kwa sababu juzi ulirudi kutoka kazini na swali ulilolitoa kwenye simu: kwamba Injili ziko nne na hazifanani, basi huenda ni maneno ya kutunga. Uliuliza kwa adabu, nami nikakwambia tule kwanza. Sikuwa nakukwepa. Jibu langu ni refu, na siwezi kulitoa huku nasonga ugali.

Miaka hiyo Tegeta bado ilikuwa viwanja na majani, nyumba moja hapa, nyingine kule. Baba yako alikuwa fundi umeme kiwandani, mimi nafundisha watoto wa chekechea. Tulikuwa na mtoto mmoja, dada yako Neema, yule wa kwenye picha ya ukutani. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Alishikwa na homa siku moja, kesho yake akatutoka hospitalini. Hayo mawili tu ndiyo mimi na baba yako tuliyokuwa tunakubaliana.

Mengine yote kila mtu alikuwa na yake. Mimi nilikumbuka kwamba mchana nilimwambia tumpeleke mtoto hospitali, akasema tumpe dawa ya homa kwanza tuone. Yeye alikumbuka kwamba alishavaa shati, amesimama mlangoni, na mimi ndiye niliyesema mtoto amelala, tusimsumbue. Watu wawili tulikuwa chumba kimoja, mwanangu, na kila mmoja angeweza kuapa mbele ya padri.

Baada ya matanga ndugu wakaitisha kikao. Walikuja kwa nia njema, sitawasema vibaya, ila shangazi yako mkubwa alituhoji kama polisi. Nani alisema nini, nani alikuwa amembeba mtoto, saa ngapi. Walitaka tutoke pale na habari moja. Mwishowe wakaamua kwamba maneno ya baba yako ndiyo ya kweli, maana yeye alizungumza kwa utulivu na mimi nilikuwa nalia. Baba yako alishinda, lakini sikumwona akifurahi. Akaanza kulala sebuleni, na mimi nikafunga begi.

Jumuiya yetu ilikuwa inasali kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, kama mnavyofanya hadi leo. Zamu yetu ilikuwa imefika. Nilituma salamu kwamba tuna msiba, waende nyumba inayofuata. Wakajibu kwamba ndiyo maana wanakuja. Wakaja na mikeka yao, na chai yao kwenye chupa, kwa hiyo hata kisingizio cha sukari sikuwa nacho.

Aliyetangulia kuingia alikuwa katekista wetu, Mwalimu Komba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ndogo inayowafanya watu wanyamaze ili wamsikie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema. Hatujambo sie, tumekuja kukaa na nyie."

Majirani walikuwa wameanza kuniita dada, wakiogopa kulitaja jina la marehemu. Yeye alilitaja kama kawaida. Nikaingia ndani kufuta uso, nikatoka.

Somo la siku ile lilikuwa habari ya wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya ufufuko. Mwalimu hakuridhika na somo moja. Aliwapa watu wanne Biblia, kila mtu asome habari hiyo hiyo katika Injili yake, mmoja baada ya mwingine. Katika moja wanawake wanakimbia kwa hofu na hawamwambii mtu neno. Katika nyingine kuna tetemeko, na malaika amekaa juu ya jiwe. Katika nyingine wanaume wawili wamevaa mavazi ya kung'aa, na mitume wanapoambiwa hawaamini. Katika ya nne Maria amesimama peke yake nje ya kaburi, analia. Watu wakaanza kutazamana.

Mama mmoja, mpangaji wa nyumba ya jirani, akauliza kile ulichoniuliza wewe. "Sasa Mwalimu, tushike ipi?"

Mwalimu akatueleza taratibu. Alisema mwanzoni hapakuwa na kitabu cha Wakristo. Maandiko ya Wayahudi walikuwa nayo, lakini habari za Yesu zilikaa midomoni mwa watu, zikisimuliwa kwenye nyumba za watu kama hii. Kilichotangulia kuandikwa ni nyaraka. Palitokea ugomvi Korintho, mtume yuko mbali, akaandika. Mmoja akasimama kuwasomea wenzake kwa sauti, maana wengi hawakujua kusoma, kisha mji mwingine ukaomba nakala. Baadaye waliomwona Bwana wakaanza kuzeeka na kufa. Hapo ndipo watu walipoona kwamba wakichelewa watapoteza, wakaandika Injili, kila mwandishi na watu wake, kwa Kigiriki cha kawaida, kile cha sokoni. Wengine wakanakili kwa mkono, neno kwa neno, vizazi na vizazi. Na ilichukua muda mrefu makanisa kukubaliana vitabu vipi vya kushikwa na vipi vya kuachwa.

"Kisha akatokea msomi akazichanganya zote nne," Mwalimu akasema, "zikawa habari moja iliyonyooka, haina swali. Kuna mahali ilisomwa muda mrefu. Lakini Kanisa halikutulia nayo. Likarudi kwenye zile nne."

"Kwa nini, wakati ile imenyooka?" mama yule akauliza.

"Kwa sababu kila moja ina watu ndani yake. Ukishika moja ukatupa nyingine, kuna mtu aliyelia pale kaburini utakuwa umemfukuza."

Hakutuangalia mimi na baba yako. Alifungua kipindi cha kushirikishana, na wewe unaijua kanuni yake: kila mtu anasema lililomgusa, na hakuna ruhusa ya kumjibu mwenzako wala kumsahihisha. Ukimaliza unanyamaza, anasema mwingine.

Wakasema wawili watatu. Kisha baba yako akakohoa. Akasimulia siku ile yote kwa upande wake: shati, mlango, mimi nikisema mtoto amelala. Ulimi uliniwasha, mwanangu. Ingekuwa kwenye kikao ningeshamkatiza. Lakini ilikuwa jumuiya, na kanuni ni kanuni, nikauma meno. Kwa vile hakuna aliyemkatiza, aliendelea mpaka mahali ambapo kikao hakikumfikisha.

"Kule hospitali mama yake alitoka kidogo kutafuta maji," akasema. "Mtoto akafumbua macho, akaita mama. Mara moja tu. Mie nikamwambia mama anakuja. Sijawahi kumwambia mama yake, maana niliona nitamuumiza, kwamba mtoto alimwita na yeye hayupo."

Nililia, lakini haikuwa kama kule kwenye kikao. Nilikuwa nimeishi wiki zile nikiamini kwamba mwanangu aliondoka bila kunijua. Habari hiyo ilikuwa ndani ya maneno ya mtu niliyekuwa namwona mwongo. Kumbe nilikuwa nataka kuyafuta yote, na hilo lingefutika pamoja nayo.

Zamu yangu ilipofika nikasema ya kwangu, yote, hata dawa ya homa. Baba yako alisikiliza ameinamisha kichwa, hakunijibu. Hakuna aliyehukumu. Tukasali, tukanywa chai yao. Walipoondoka nilizirudisha nguo kabatini, na baba yako akaja akabeba upande wa pili wa godoro la sebuleni tukalirudisha chumbani, bila hotuba.

Mpaka anafariki hatukuwahi kupatana nani alisema nini mchana ule. Tuliacha habari zikae mbili. Na kila mwaka, siku ya kumwombea Neema, yeye alisimulia ya kwake, mimi ya kwangu.

Basi jibu langu ni hilo. Watu wanaotunga hukaa chini kwanza wakapatanisha maneno. Wale wazee wa kwanza walikuwa na nafasi ya kuzinyoosha, wakaziacha zilivyo, kwa kuwaheshimu waliozisimulia. Ninawashukuru kila ninapofungua Biblia, pamoja na wote walionakili mpaka macho yakawauma, watu ambao majina yao hatutayajua. Ninamshukuru Mwalimu Komba, apumzike kwa amani. Ninaishukuru jumuiya iliyokataa kuruka nyumba yetu.

Wewe usiogope maswali, mwanangu, wala usiyamalizie kwenye simu. Chukua Injili moja uisome mwanzo mpaka mwisho, ndipo uende ya pili. Waraka nao usome wote kama barua, maana hakuna anayeandikiwa barua akasoma mistari mitatu. Usipoelewa, kamuulize padri, na yeye akibabaika mwache, ni binadamu. Na siku utakapokuwa na nyumba yako, mwenzako akikumbuka jambo tofauti na wewe, mwache amalize. Usikimbilie kutafuta mwenye makosa. Huenda mwishoni mwa maneno yake kuna kitu chako.

Ile Jumamosi ingepita bila wale watu, mimi ningepanda basi la Njombe Jumatatu yake. Wewe ulizaliwa hapa, baada ya hapo, wa mimi na yeye.

Mungu akupe sikio la kusubiri, mwanangu. Akupe watu wa kuja kwako hata ukiwazuia. Na watakaokusimulia baada yako, wakusimulie kwa upendo, hata kama hawatafanana.