Salamu za Wagonjwa kwa Mafundi wa Redio

Sababu ya safari yangu ilikuwa dada yangu Mwanakombo. Nalisema hili mapema ili msidhani niliondoka Msambweni kwa kupenda kutembea. Mwanakombo alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, na matibabu ya ugonjwa huo siku zile yalikuwa marefu: sindano na vidonge mwezi baada ya mwezi, na mgonjwa hatoki mpaka amalize. Wenziwe wawili walikwisha kutoroka. Mmoja wao tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Kilichowashika wagonjwa pale kwenye baraza la hospitali, walikolazwa wapate hewa safi, ilikuwa redio. Mimi ndimi niliyekuwa fundi wa redio wa pale kwetu, na redio ile niliifufua mara tatu ikafa mara tatu. Redio za wakati ule zilitumia valvu, vitu mfano wa vitaa vya kioo vinavyopata moto sana, kwa hiyo sanduku lazima liwe na matundu ya kutolea joto. Matundu yayo hayo huingiza hewa ya bahari. Nyaya nyembamba za ndani zikishikwa na chumvi huota kutu ya kijani, na redio inanyamaza. Nikiyaziba matundu, inajichoma. Nikiyaacha wazi, inaoza.

Nikapata habari kwa dereva wa basi kwamba wafanyabiashara wa redio wa Mombasa wameitisha mkutano wa mafundi wa pwani nzima, na kwamba watakuwepo wahandisi wanaozibuni redio zenyewe. Kila fundi atapewa nafasi asimame aeleze tatizo lake. Nilikwenda kumwambia Mwanakombo, nikidhani atafurahi.

"Kaka Hamisi," akasema, "nimechoka kusikiliza watu wakikohoa mchana kutwa. Ukirudi na redio inayosema, nitakaa. Ukirudi mikono mitupu, nafunga khanga zangu twende zetu nyumbani."

"Na sindano je?"

"Nimedungwa hata ngozi imekuwa chujio. Zatosha."

Naye hakuwa mtu wa kusema jambo asilitende. Hilo alilirithi kwa mama yetu, na mama yetu alimshinda kila mtu aliyejaribu kubishana naye.

Asubuhi ya safari nilipita barazani kuaga. Bi Fatuma wa Tiwi, ambaye kitanda chake kilikuwa cha kwanza, akanishika mkono. "Hao watu waundao redio, waambie Fatuma binti Saidi awasalimu sana." Mzee Nyawa, mfugaji aliyeletwa kutoka upande wa Mackinnon Road, akasikia kutoka ng'ambo ya ukuta mfupi unaogawa wanaume na wanawake, naye akatuma zake. Mwalimu wa Matuga akafuata, na baraza zima likawa linanituma. Kwetu sisi salamu ni amana. Ukipewa usipozifikisha, umekula haki ya mtu. Nikazipokea moja moja kwa majina. Mwanakombo alikuwa amegeukia ukutani. "Na mimi," akasema, basi.

Njiani hatukupata taabu kubwa, ila vumbi. Tulivuka mto wa Gazi, tukashika barabara ya minazi na mikorosho hadi Ukunda, ambako dereva alisimama kunywa chai na kusahau kwamba ana abiria. Milima ya Shimba ilikuwa upande wetu wa kushoto, imejifunika ukungu. Mapajani nilikuwa na kikapu cha machungwa ya kwetu kwa ajili ya shangazi yangu, na chini ya miguu redio iliyokufa, nimeifunga kwa gunia. Mama mmoja aliyepandia Tiwi aliuliza nimebeba nini kwa uangalifu vile. Nikamwambia ni mgonjwa. Akasogeza miguu yake.

Likoni tulivuka kwa feri, na kufika adhuhuri nikawa Majengo, mlangoni kwa shangazi Zena, dada wa marehemu baba. Nyumba yake ya makuti ilikuwa na vyumba vingi na wapangaji wengi, na wote walikuwa wakimwogopa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko? Mwanakombo yu hali gani?"

"Alhamdulillahi."

Akanitazama. "Hiyo alhamdulillahi yako ni nyembamba. Ingia, ule kwanza, kisha uniambie kweli."

Nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikamwambia kweli. Sikuulizwa nitakaa siku ngapi. Mpaka leo nikikumbuka ukarimu ule namwombea dua.

Asubuhi ya mkutano nilivaa kanzu yangu iliyopigwa pasi na shangazi kwa mkono wake. Ukumbi ulijaa. Walikuwepo mafundi wa Malindi na wa Lamu, Wahindi wenye maduka, na Wazungu wahandisi wameketi mbele nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti, Mzungu mwembamba, alieleza kwa Kiswahili cha bara kwamba kila fundi ana muda mfupi tu, na kengele ikilia mtu akae. Fundi wa Malindi akasimama, akasema betri zake zinakwisha upesi, akajibiwa, akakaa. Sikuona hata alipowasalimu watu. Nilimsikitikia kwa malezi aliyoyapata.

Jina langu likaitwa. Nikasimama na redio yangu mkononi. Nikatoa salamu, nikawashukuru wenyeji kwa mwaliko, nikawaombea heri katika kazi yao. Kisha nikasema nimebeba amana, nikaanza kuifikisha: Fatuma binti Saidi wa Tiwi awasalimu, Mzee Nyawa mfugaji awasalimu, Mwalimu wa Matuga awasalimu, naye asema hufuatilia habari za dunia kwa kazi ya mikono yenu. Nikaendelea kitanda kwa kitanda. Mwanakombo nilimweka wa mwisho, kwa kuwa ni dada yangu, na mtu hatangulizi wa nyumbani kwake mbele ya wageni. Nilikuwa navuta pumzi nimtaje yeye, kisha nifungue gunia niseme habari ya chumvi.

Kengele ikalia.

Nilidhani ni ya mtu mwingine. Mwenyekiti akanionyesha kiti. Watu wengine walicheka, wengine walitazama chini kwa kunionea haya. Nikakaa na gunia langu halijafunguliwa, na uso ulinishuka hata nikashindwa kuwasikia waliofuata.

Mchana nilitoka nikautembea mji bila kujua miguu inanipeleka wapi. Nilipita soko la viungo, nikapita vichochoro vya Mji wa Kale penye milango ya nakshi na wauza kahawa wanaogonganisha vikombe, nikafika hadi Ngome, ambayo miaka ile ilikuwa bado gereza. Katika kila duka kulikuwa na redio inaimba. Siku nyingine ningefurahi. Siku ile niliona kama zote zinanicheka, maana nilikuwa nimepewa nafasi ya kuyaokoa maisha ya dada yangu nikaimaliza kwa salamu.

Jioni shangazi Zena alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa.

"Nimefanya upumbavu," nikasema.

"Upumbavu gani? Ungeingia kwa watu ukawadai haja yako kama mtu aliyekuja kukamata mbuzi?" Akanipa nusu ya chungwa. "Kutoa salamu ni sunna, mwanangu, kuitika ni faradhi. Hao wamekuitika?"

"Hawakupata nafasi."

"Basi wana deni kwa Mungu. Rudi kesho uwape nafasi ya kulilipa."

Asubuhi iliyofuata, siku ya pili ya mkutano iliyotengwa kwa maonyesho ya redio, nilirudi kwa aibu, lakini nilirudi. Sijafika mbali ndani ya ukumbi, nikaona mtu mnene wa makamo anakuja kwangu haraka. Akajitaja: Ramji, mwenye karakana ya kuunda redio nyuma ya mtaa wa maduka ya khanga.

"Nakutafuta tangu jana," akasema. "Wale watu uliowataja, wote wako mahali pamoja?"

"Wako barazani, hospitali. Wanaumwa kifua."

"Nilifikiri hivyo. Watu wa kabila mbalimbali, miji mbalimbali, wote wanasikiliza redio moja. Nikasema, huyu ana habari. Sasa nambia tatizo."

Nikafungua gunia palepale. Akazitazama nyaya za kijani, kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye meza mojawapo ya maonyesho. Akanionyesha, ndani ya redio iliyoachwa wazi, kitu kidogo kama punje ya hindi kilichosimama juu ya miguu mitatu. Hii, alisema, ni transista. Inafanya kazi ya valvu.

"Weka kidole."

Redio ilikuwa inasema. Nikaweka kidole nikitazamia kuungua, nikakuta baridi. Nikaelewa kabla hajanieleza. Kama haipati moto, haihitaji matundu. Kama haihitaji matundu, sanduku linaweza kuzibwa lote. Machozi yalinijia mbele za watu, na sikuona sababu ya kuyaficha.

Karakana ya Bwana Ramji ilikuwa chumba kirefu kinachonuka risasi ya kulehemia. Alikuwa na redio moja ya transista, ya mfano, ambayo ganda lake lilivunjika melini, hakuna wa kuinunua. Tulifanya kazi siku ile na ya pili yake. Tukaunda sanduku la mvule, mfuniko tukauwekea ukingo wa mpira wa tairi la baiskeli. Tundu la spika ndilo lililotusumbua, maana sauti lazima ipite na chumvi isipite. Mwisho tukaliwamba kwa hariri iliyopakwa nta, kama mtu anavyowamba ngoma. Sauti ikatoka ya mtu mwenye mafua, lakini ikatoka.

Nilipouliza bei, alitikisa kichwa. "Mimi naunda redio mjini, sijui zinafanya nini kwenu. Masika yakipita, nambia imesimama au imekufa. Mwakani tunakutana tena hapa, uje useme mbele ya wote. Hayo ndiyo malipo yangu." Kisha akaongeza, kwa upole, kama mtu aliyekumbuka: "Na watu wako, waambie waalaikumu salamu. Nimeitika kwa ukumbi mzima."

Safari ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda, au furaha iliifupisha. Shangazi Zena alinifungia mahamri ya wagonjwa. Basi lilinishusha Msambweni alasiri, nikaenda moja kwa moja barazani.

Mwanakombo alikuwa ameketi kitandani, amevaa, khanga zake zimefungwa bunda miguuni. Nikauweka mzigo juu ya ukuta mfupi, nikaurusha waya wa angani juu ya mvinje, nikafungua. Kukatokea mkoromo, kisha sauti ya mtu akisoma habari.

"Nayo ina mafua," akasema Mzee Nyawa, na baraza likacheka mpaka wengine wakakohoa.

Nikawapa jibu la salamu, nikawasimulia yote, na kengele pia. Hapo ukazuka ugomvi. Kila mmoja alitaka kujua alitajwa wa ngapi, na Bi Fatuma, aliyetajwa wa kwanza, hakuwa na haja ya kuficha fahari yake. Mwanakombo alingoja wanyamaze.

"Mimi ulinitaja?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Nilikuweka wa mwisho. Kengele ililia sijakufikia."

Akacheka, mkono kifuani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipolazwa. Akalivuta bunda la khanga, akalifungua fundo, akaanza kuzikunjua moja moja juu ya kitanda.

"Basi mwakani wenda tena ukamalize," akasema. "Na mimi nikutume tena, kwa mdomo wangu. Salamu za maiti hazipelekwi."

Muuguzi akaja na sindano ya jioni. Mwanakombo akapandisha mkono wa nguo kabla hajaambiwa. Nilichojifunza Mombasa ni transista, na namshukuru Mungu na Bwana Ramji kwa hiyo. Kengele ile nayo naishukuru, kwa kulia pale ilipolia.